Choya inaota ukungu chupani na kupoteza wekundu: kosa liko wapi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Niko Muheza, mkoani Tanga. Nina miche kama thelathini ya choya (wengine huita rosella) nyuma ya nyumba, kwa ajili ya juisi na chai ya familia. Mwezi wa tano nilichuma, nikaanika juu ya bati siku nne, kisha nikaweka kwenye chupa za kioo na kufunga. Wiki tatu baadaye nyingine zimepauka na kuwa kahawia, nyingine zina ukungu mweupe kwenye kitako, na chupa moja ukiifungua inanuka kama kitu kilichovunda. Nilifuata maelekezo ya ndugu yangu wa Dodoma, na zake hutoka nzuri kila mwaka. Je, nizianike upya? Na msimu ujao nichume lini, nikaushe vipi?

JIBU: Salama, mama. Tuanze na zilizomo chupani. Chupa yoyote yenye ukungu mwaga yote, pamoja na vipande vinavyoonekana safi. Jua linaweza kukausha ukungu usiendelee kuota, lakini baadhi ya kuvu huacha sumu ambayo haiondoki kwa kuanikwa wala kwa kuchemshwa. Zilizopauka tu, ambazo ni kavu na hazina harufu, tumieni. Rangi ya juisi itakuwa hafifu, basi.

Ndugu yako hakukukosea. Choya huchanua kwa kufuata urefu wa mchana: mchana unapopungua kuelekea Juni, maua yanatoka, mvua iwepo isiwepo. Dodoma wakati huo mvua zimeshakata na upepo ni mkavu, hata ukianika ovyo kitu kinakauka. Kwenu huko masika bado hayajaisha. Kinachokausha ni hewa kavu inayopita juu ya zao na kuondoka na maji yake, na hewa ya Muheza mwezi wa tano tayari imebeba maji mengi.

Kuchuma. Subiri wiki mbili hadi tatu baada ya ua kudondoka, ile nyama nyekundu ikiwa nene na imejaa, na kitunda cha mbegu kilichomo ndani bado ni kibichi na laini. Ukikunja kwa vidole inakatika yenyewe. Kitunda kikianza kuwa kahawia umechelewa: nyama inakuwa na nyuzi, na wadudu wameshapata pa kujificha. Mti mmoja hauivi kwa siku moja, kwa hiyo pita kila baada ya siku chache, kuanzia saa tatu au nne asubuhi umande ukishakauka. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, ahirisha.

Siku hiyohiyo toa vitunda. Kipande cha bomba chembamba kilichonolewa mdomo, kisiwe cha chuma kinachoshika kutu, kinasukumwa kutokea kwenye kitako na kitunda kinatoka kizima. Kitako hicho ndicho kilichokuponza. Ncha za choya ni nyembamba na hukauka mapema, ukizishika unadhani kazi imekwisha, kumbe pale chini zinapoungana pana unene unaoficha maji. Kwa hiyo baada ya kutoa kitunda, pasua kila moja mara mbili kwa urefu. Inachosha, najua, lakini hakuna hatua nyingine itakayokupunguzia ukungu kiasi hicho.

Sasa lile bati. Choya ni kali kwa asidi, na asidi hula zinki ya bati, halafu zinki hiyo unaila wewe. Juu ya hapo kuna vumbi na vinyesi vya ndege. Na jua kali la moja kwa moja ndilo lililoipausha, kwa sababu rangi ile nyekundu huharibiwa na mwanga na joto kwa pamoja. Tengeneza kichanja cha miti chenye urefu wa kiuno, tandika wavu safi wa plastiki, mwaga choya tabaka moja bila kupandana, na kiwe kivulini penye upepo. Geuza mara mbili tatu kwa siku.

Kwa hali ya hewa ya kwenu, hata hivyo, kivuli peke yake huenda kisitoshe. Hapo nakushauri kaushio dogo la sola. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 85 ukiipasha tu hadi nyuzi 40, unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 37. Maji yaliyomo hewani ni yaleyale, ila sasa ina nafasi ya kubeba mengine. Sanduku la mbao lililofunikwa nailoni angavu, tundu la kuingizia hewa chini, tundu la kutolea juu, yote yazibwe kwa chandarua kuzuia nzi. Ning'iniza kaniki kati ya nailoni na choya: inanyonya joto na inakinga mwanga. Joto lisizidi nyuzi 55. Msifunge choya jikoni na jiko la mkaa, maana itanuka moshi, na hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu.

Halafu kuna usiku. Choya iliyokaribia kukauka hunyonya unyevu upesi sana. Saa tisa alasiri inavunjika mkononi, ukiiacha nje, alfajiri imelegea kama ngozi. Siku zako nne za jua zilikuwa na usiku wake, na kila usiku ulirudisha sehemu ya maji. Jioni ingiza ndani, funga kwenye ndoo yenye mfuniko, asubuhi endelea.

Utajuaje imekauka? Chukua kipande kinene kuliko vyote, kivunje pale kwenye kitako. Kikatike kwa sauti, kikijikunja, bado. Ukiwa na mizani ya jikoni, pima sinia moja mchana, pima tena baada ya saa tatu za jua zuri. Uzito usiposhuka, na kitako kinavunjika, tayari. Kilo moja ya choya mbichi isiyo na vitunda hubakiza takriban gramu 115 hadi 170.

Acha ipoe nusu saa kabla ya kufunga, vinginevyo joto lake litatoa jasho ndani ya chupa. Jaza robo tatu, funga, tikisa kila siku kwa wiki moja. Ukiona ukungu wa maji kwenye kioo, au vipande vimegandana, vyote virudi kwenye kaushio siku hiyohiyo. Wanaouza vipima unyevu vidogo vya kidijitali wapo mijini, tena si ghali. Kitumbukize chupani: chini ya asilimia 60 uko salama, ikipita 65 rudisha ukaushe. Vingi husoma vibaya, kwa hiyo kijaribu kwanza. Jaza kizibo cha soda chumvi ya mezani, idondoshee maji hadi iwe kama uji mzito, iweke na kipimo ndani ya chupa tupu, funga usiku mzima. Asubuhi kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 80, jua kinazidisha kwa tano na uwe unapunguza.

Weka chupa kabatini gizani. Na mvua ikikukuta umeshachuma, kukiwa hakuna dalili ya jua kwa siku mbili tatu, usihangaike kukausha. Chemsha juisi siku hiyohiyo, au fungasha mbichi kwenye mifuko uweke kwenye friza. Vitunda vichache acha mtini viive hadi vikauke kabisa, uvichume kabla havijapasuka, utakuwa na mbegu ya mwakani.