Jibu: Mpiga dramu wetu amefariki, tuendelee au tuvunje bendi?

Pole sana, ndugu yangu. Umeuliza kama kuendelea kupiga bila rafiki yenu ni kumsaliti. Mimi nasema hapana, ingawa siwalaumu wanaoacha. Bendi ya roki ya Led Zeppelin waliacha: mpiga dramu wao, John Bonham, alifariki Septemba 1980, na Desemba wakatangaza kwamba hawawezi kuendelea kama walivyokuwa. Bendi nyingine, AC/DC, walimpoteza mwimbaji wao Bon Scott Februari mwaka huohuo, wakaingia studio na mwimbaji mpya, Brian Johnson, na Julai albamu ya Back in Black ikatoka. Jalada lake jeusi tii ni la msiba, na wimbo wa kwanza unaanza kwa kengele inayolia polepole. Kila nikiisikia, mwili unanisisimka.

Kilichonigusa zaidi ni bendi ya Foo Fighters. Mpiga dramu wao, Taylor Hawkins, alifariki Machi 2022. Septemba 3 wakamfanyia onyesho la kumbukumbu kwenye uwanja wa Wembley, London. Mwimbaji wao, Dave Grohl, alikatika sauti kwa machozi katikati ya wimbo, mbele ya uwanja mzima. Kisha mtoto wa Taylor, Shane, wa miaka 16, akakalia dramu. Alipiga kwa nguvu, jamani, alipiga!

Jambo moja msichelewe: rekodi za mazoezi zilizomo kwenye simu zenu, zinakilini leo, hata zile mbovu. Sisi tulimpoteza mpiga besi wetu, na nyimbo tulizorekodi vizuri siyo ninazozirudia. Ninarudia kile kipande anachocheka, halafu anahesabu, “moja, mbili, tatu…”