Ndege wa vuli pwani: angalia mwezi wa angani kabla ya kuangalia tarehe

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kati ya Septemba na Desemba mtu wa Malindi mwenye darubini mpya aende wapi kuona ndege wahamiaji, aende lini, na afanyeje apate ndege adimu kama hao jamaa wa Uingereza wanaorusha picha kila wiki. Wadau wa hapo juu wameshakutajia Mida (hori la bahari lenye mikoko hapo Watamu) na Sabaki, na wamesema kweli. Ila hilo la "lini" wamelipita juu juu, na hapo ndipo wengi wanapopotezea nauli.

Mimi mwenyeji wa Gede, na kila vuli natoka na darubini. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza elewa kwamba hao jamaa wa Ulaya wanashinda na darubini wakati huo kwa sababu ndege wanawapitia njiani. Huku kwetu ndiko wanakokwenda. Wao wanamwona ndege siku mbili tatu akila na kupumzika, kisha kapotea. Sisi huyu wa ufukweni akishafika yupo hadi Machi au Aprili. Kwa hiyo usikimbizane na tarehe kama wao. Kimbizana na maji.

Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, inaingia, na pwani hii bamvua hujaa mwendo wa saa kumi, alasiri na alfajiri. Maana yake saa nne asubuhi Mida imekupwa kabisa. Tope limeachwa wazi hadi upeo wa macho, ndege wametawanyika huko mbali wakila, na hata ukiwa na darubini kubwa ya miguu mitatu utaona nukta zinazotembea. Mgeni anashuka saa tatu baada ya chai, anatazama nukta, anarudi hotelini akisema Mida siku hizi haina kitu. Wewe shuka saa saba mchana. Pita kwenye daraja la mbao linalokatiza mikoko, lipia kile kiingilio cha wanakijiji, kaa kwenye kibanda cha mwisho na utulie. Maji yakianza kupanda yanawasukuma ndege hatua kwa hatua kuja upande wako, nalo jua liko mgongoni mwako, si machoni. Ikifika saa tisa unaweza kuhesabu vidole vyao.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni hadithi nyingine. Maji yanajaa katikati ya asubuhi lakini hayafuniki tope lote, kwa hiyo ndege hawana shida ya kusogea. Siku hizo mimi huenda msitu wa Arabuko-Sokoke au nabaki nyumbani. Mvuvi yeyote wa Mida atakuhesabia mwezi na kukupa saa ya maji bila kugusa simu. Kama huna wa kumuuliza, majedwali ya maji ya Kilindini, Mombasa, yako kwenye intaneti, na tofauti yake na Watamu ni ndogo sana.

Sasa utaona nini. Ukianza mapema, mwishoni mwa Agosti, utawakuta vitwitwi (ndege wadogo wa ufukweni) wenye mdomo uliopinda kwenda chini, Calidris ferruginea, baadhi yao bado wana wekundu wa kutu kifuani. Hao ni wakubwa, wametoka kuzalia kaskazini kabisa mwa Siberia, pande za Taimyr, na wanatangulia. Watoto wa mwaka huo wanafuata baadaye, Septemba na Oktoba, na wanakuja peke yao bila mzazi. Utawajua kwa manyoya masafi ya mgongoni yenye pindo jeupe, mithili ya magamba ya samaki. Jifunze tofauti hiyo mapema, maana robo tatu ya "ndege adimu" wanaoletwa humu jukwaani na picha yenye ukungu ni vitwitwi wa kawaida katika manyoya ambayo mtu hajayazoea.

Lakini kama ni mimi, bamvua yangu ya kwanza yote ningempa mla kaa, Dromas ardeola. Ni ndege mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene unaoonekana mkubwa kuliko haki yake. Huyu hatoki Siberia. Anazalia kwenye fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Oman, Ghuba na Somalia, na anafanya jambo ambalo ndege wengine wa ufukweni hawalifanyi: anachimba shimo mchangani, anataga yai moja jeupe humo ndani, na joto la mchanga linamsaidia kulitamia. Mida ni mojawapo ya mahali pazuri zaidi Afrika Mashariki pa kumwona, na akifika anakuja na mwanawe. Oktoba ukiwa kibandani utasikia mlio wa kulalamika usiokatika, kama filimbi. Tafuta unakotoka utaona kijana wa kijivu kijivu anamfuata mzazi tope zima akidai kaa. Ana mabawa yaliyomvusha bahari lakini kulishwa bado anataka! Mzazi anamkamata kaa, anampigapiga, na kijana anapokea. Nimewakalisha watu wengi pale ambao hawakuwa na habari na ndege, na huyo kijana ndiye aliyewafanya waombe darubini.

Ukiwa hapo hapo mtafute pia Xenus cinereus, mdogo mwenye miguu ya njano na mdomo uliopinda kwenda juu. Anakimbia ameinama kama aliyeibiwa. Akishaingia jichoni humsahau.

Wale wawili wa kifua cha kijivu wanaofanana nitakutajia tu: Charadrius leschenaultii na ndugu yake mdogo. Vitabu vinasema tazama urefu wa mdomo na miguu. Sawa, lakini fanya hivyo wakiwa wamesimama pamoja. Akiwa mmoja peke yake mbali, andika "mmojawapo" kisha endelea na shughuli zako. Hakuna anayekupa zawadi kwa kubahatisha.

Sabaki ina mambo yake. Ni mlango wa mto, kaskazini mwa mji wa Malindi, na mchanga unahama kila msimu wa mvua. Njia uliyopita mwaka jana haipo mwaka huu. Chukua kijana wa pale akuongoze. Anajua tope lipi linabeba mtu na lipi linameza hadi mapajani, na anajua viboko wamelala wapi. Usidharau hilo la viboko. Ukifika ukingoni tazama buabua kwanza, wale ndege weupe wa baharini, maana ndio wanaojaa: wakubwa, wadogo, wamelala kwa makundi mchangani, wote wameelekeza vichwa kwenye upepo. Kisha rudi kwenye vitwitwi na uwapitie mmoja mmoja. Sabaki ndipo ninapompata Calidris falcinellus, yule mwenye mistari miwili juu ya jicho na mdomo unaoinama kidogo kwenye ncha. Mahali pengi Kenya ni ndege wa bahati. Pale mlangoni pa mto huonekana mara kwa mara, ila amechanganyika na wengine mia mbili wanaofanana naye. Umeniuliza ndege adimu anapatikanaje. Hivyo ndivyo: unawajua wale mia mbili mpaka yule mmoja anakusumbua jicho.

Kuna mdau kasema aende Sabaki sasa hivi akatafute Glareola ocularis wa Madagaska. Samahani ndugu yangu, huyo ni mgeni wa kusi. Anakuja wakati wa baridi ya kusini, Aprili hivi hadi Septemba, na upepo wa matlai ukishika keshaanza kurudi kwao. Msimu huu ukimpata ni mchelewaji.

Mbali na fukwe, kama una uwezo wa safari moja kubwa, weka fedha kwa ajili ya Ngulia, loji iliyo ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi. Hapa mwezi unarudi tena, safari hii kwa sababu nyingine. Ile loji imejengwa juu ya ukingo wa mlima, na kuanzia Novemba mvua zikianza, usiku unaingia ukungu mzito. Ndege wadogo wanaohama husafiri usiku. Usiku wa giza usio na mwezi, ukungu ukishuka, wanapoteza dira na kuvutwa na taa za loji kwa maelfu. Tangu 1969 wataalamu na wanaojitolea wamekuwa wakitumia hali hiyo kuwanasa kwa nyavu nyembamba, kuwavisha pete za utambulisho mguuni na kuwaachia, na pete hizo zimekuja kuokotwa Mashariki ya Kati hadi Urusi. Mwezi ukiwaka, au ukungu usiposhuka, utalala usingizi mzuri tu. Kwa hiyo panga kwa mwezi mwandamo wa Novemba au Desemba, ule ule unaokupa bamvua Mida, na ujiandae kuchagua mahali pamoja.

Wanaonaswa kwa wingi ni Acrocephalus palustris, ndege wa rangi ya udongo ambaye ukimwona kichakani utampita. Usimpite. Dume wake huimba kwa kuiga wenzake, na watafiti waliomsikiliza Ubelgiji walitambua ndani ya wimbo wake sauti za ndege wa Afrika zaidi ya 100. Anajifunza huku, anakwenda kumwimbia mchumba kule. Yuko pia Luscinia luscinia, ambaye ukitulia vichakani Tsavo asubuhi za Desemba utamsikia akiimba kabisa, ingawa kazalia Ulaya ya mashariki. Na mmoja ambaye kila anayekwenda Ngulia anamuombea: Acrocephalus griseldis, anayezalia zaidi kwenye mabwawa ya matete ya kusini mwa Iraki. Serikali ya Saddam ilikausha sehemu kubwa ya mabwawa hayo miaka ya 1990, na ndege huyu leo yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Adimu wa kweli ni huyo, na hana hata rangi ya kukuvutia. Mimi namweka juu ya ndege yeyote mwenye mapambo.

Kwa wenzetu wa Tanga na Bagamoyo mliouliza: hesabu ya maji ni ile ile. Anzeni na mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yakijaa na kufunika tope, ndege wengi huhamia kwenye mabwawa ya chumvi kusubiri, na kwetu huku Gongoni na Ngomeni ni vivyo hivyo. Omba ruhusa kwa mlinzi wa lango, mweleze unatazama ndege, mwonyeshe na yeye kupitia darubini. Mlango hautafungwa tena.

Ukihisi umepata adimu kweli, usifungue kitabu kwanza. Kitabu kitakuambia unachotaka kusikia. Andika au jirekodi kwenye simu: ukubwa ukilinganisha na ndege aliye karibu naye, rangi ya miguu, umbo la mdomo, alivyokuwa anakula, mlio, alipaa vipi na mgongoni ulionekana mstari gani. Piga picha, hata mbaya, hata kwa simu uliyoiegesha kwenye jicho la darubini. Kisha ndipo ukasome. Weka kumbukumbu zako eBird au Kenya Bird Map, tovuti za kuandikia ndege ulioona, na kama ni ndege wa ajabu kwelikweli ipo kamati ya ndege adimu ya Afrika Mashariki inayopitia maelezo kama hayo. Watakuuliza hayo hayo niliyoyataja, kwa hiyo yawe tayari. Na ukiwa Watamu pita kwa watu wa A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi. Wao huvisha ndege wa Mida pete, hivyo ukiona pete ya rangi mguuni andika rangi na mguu gani, kushoto au kulia, wapelekee.

Kuhusu darubini uliyonunua, 8x42 (ya kukuza mara nane) inatosha kabisa msituni na Ngulia. Kwa Mida utatamani ile ya miguu mitatu, lakini usikope kuinunua. Bamvua nzuri inakusogezea ndege bure, na waongoza wageni wa pale wengi wanayo.

Swali lako la mwisho, kama kuna mhamiaji unayeweza kumwona bila kutoka nyumbani Malindi: yupo, kozi wa Amur, Falco amurensis. Anazalia mashariki ya mbali, Siberia na kaskazini mwa Uchina. Oktoba na Novemba wanakusanyika kwa wingi usioelezeka Nagaland, India, ambako hadi 2012 walikuwa wakinaswa kwa maelfu na kuuzwa kitoweo, kabla wanakijiji wenyewe hawajageuka walinzi wao mwaka uliofuata. Kutoka India wanaivuka Bahari ya Hindi bila kutua, wanaingia kwetu na mvua, kisha wanaendelea kusini mwa Afrika. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa Novemba, mvua ikinyesha usiku na kumbikumbi wakatoka asubuhi, panda juu ya dari na utazame angani juu kabisa, juu ya mbayuwayu. Dume ni wa kijivu cheusi, miguu myekundu, na chini ya bawa ana weupe unaometa akigeuka. Kundi likipita halipiti la ndege wawili, na halikai. Robo saa limekwisha. Ukiwaona andika saa na walikuwa wanaelekea upande gani, uje utuwekee hapa, sisi wa Gede tutazame nao wakitufikia.