Bomba kavu, kijiweni matusi

Mdogo wangu, umeuliza ufanyeje: bomba hapo Mabatini, Mwanza, limekauka huku ziwa unaliona, na ukilalamika kijiweni, chama hiki wanakuita msaliti, kile kibaraka. Inauma, nakuelewa. Acha kabisa kubishana nao. Mtu anayemwona jirani adui kwa sababu ya kadi hatakuletea maji. Andika barua kwa mamlaka ya maji, taja namba ya mita na tarehe maji yalipokatika, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri wengi wanausahau, halafu wanaambiwa barua haikufika. Wakikaa kimya, ipeleke EWURA, mdhibiti wa huduma za maji na nishati; ofisi ya Kanda ya Ziwa ipo hapo mjini. Kusikiliza malalamiko ya wateja ni kazi yao kisheria. Majirani nao wasaini, wa vyama vyote.