Kabla hujaandika "kifungo": kwa mnaoanza kutafsiri Mtwara

Ukifungua meza ya kutafsiri hapa Mtwara mjini, usidhani maneno ya Kiingereza ya kufungiwa yatakujia kwenye karatasi za mahakamani tu. Atakuja mama na barua ya likizo ya uzazi, atakuja mtu aliyeachana na mwenzake, atakuja kijana wa kwenye gesi na kibali cha kuingia kufanya kazi ndani ya tangi. Hakuna hata mmoja aliyefungwa, lakini karatasi zao zote zina maneno hayo.

Neno linaloponza wengi ni "confinement". Shina lake ni "finis" ya Kilatini, yaani mwisho au mpaka. Kwa hiyo pingu na kufuli havimo ndani yake. Mtu amewekewa mpaka, basi. Ndiyo maana Kiingereza kimelitumia kwa mfungwa na kwa mwanamke anayejifungua vilevile, na kwenye sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 bado limo: likizo ya uzazi ya siku 84 inaweza kuanza wiki nne kabla ya "expected date of confinement", yaani tarehe ya matarajio ya kujifungua. Ukiandika "tarehe ya kifungo" umempeleka mama wa watu gereza la Lilungu badala ya leba.

Sisi wa huku hatuna haja ya kulishangaa. Mwali wa unyago yuko ndani, mzazi kabla ya arobaini yuko ndani, mjane anayekaa eda yuko ndani, na jamaa aliyekamatwa jana naye yuko ndani. Hatuchanganyi kwa sababu tunajua nani kamweka na kwa nini. Fanya hivyo hivyo kwa Kiingereza: tafuta kwanza aliyemweka.

"Custody" inatoka kwa "custos", mlinzi. Mlinzi hulinda mwizi, hulinda mali, hulinda mtoto. Kwenye karatasi ya polisi ni mahabusu. Kwenye shauri la ndoa ni nani atakaa na watoto na kuwalea. Kwenye kielelezo cha kesi ni nani anakitunza. Soma mstari mzima kabla kalamu haijagusa karatasi.

"Jail" asili yake ni tundu la kufugia, na "prison" inatokana na kitendo cha kukamata. Ni habari tamu za kijiweni, ila mezani hazikusaidii sana. Kinachosaidia ni matumizi ya leo: Marekani, "jail" kwa kawaida ni ya mji au wilaya, ya wanaosubiri kesi na wenye vifungo vifupi, na "prison" ni ya waliohukumiwa, mara nyingi zaidi ya mwaka. Mtu aliyelala "jail" usiku mmoja huenda hajahukumiwa chochote, na wewe ukimwita mfungwa umemharibia maombi yake ya viza. Asili na maana huachana. Hata gereza letu hutajwa kuwa limetokana na "igreja" ya Kireno, kanisa, na pale Kilwa Kisiwani ni jina la ngome. Hakuna anayeingia kutafuta altare.

Sasa kibali cha kijana wa gesi. Hapa ndipo ninapowaomba mtulie, maana kosa la hapa linaua. "Confined space" si chumba kidogo. Tangi linaweza kuwa kubwa kuliko msikiti wa mtaani na bado likaitwa hivyo, kwa sababu halikujengwa mtu akae humo, na njia ya kuingilia na kutokea ni finyu au ya shida. Hatari kubwa ni hewa. Kutu ya chuma hula oksijeni, na tangi lililozibwa muda mrefu linaweza kuwa na hewa isiyotosha bila harufu yoyote ya kukuonya. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21; chini ya 19.5 huhesabiwa kuwa pungufu. Ukiandika "nafasi finyu", fundi ataona tangi ni pana, atajua karatasi haimhusu, ataingia.

Mimi huandika: "sehemu iliyozibwa, ya kuingia kwa shida, ambayo hewa yake lazima ipimwe kabla mtu hajaingia." Ni ndefu, najua. Msimamizi akilalamika kwamba haitoshi kwenye kisanduku cha fomu, punguza ukubwa wa herufi, au iandike nyuma ya karatasi na uweke alama mbele. Usikate sehemu ya hewa. Na yule mtu anayetakiwa kusimama nje ya tundu muda wote wa kazi, usimwite "msaidizi", kwa sababu msaidizi hutumwa soda. Mwite mlinzi wa mlangoni, na uandike kwamba haondoki wala haingii kumfuata mwenzake.