Wasomaji Wauliza: Tangi la futi tano litakaa ghorofani?

SWALI: Asalam aleikum. Nataka kuweka tangi la samaki nyumbani, kubwa la maana, si yale mabakuli ya watoto. Fundi wa vioo ashanipa bei ya futi tano, upana futi mbili na kimo futi mbili. Twaishi ghorofa ya kwanza, nyumba ya marehemu babu, na nataka likae dirishani lipate mwangaza. Nimepanga kutia neon, goldfish na wale oscar wakubwa, mchanga na mawe nitaokota pwani. Mke wangu asema nitaangusha nyumba. Nianzie wapi?
Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Anzia kwa mkeo, yeye ndo amesema la maana kuliko yote humu ndani. Tangi la vipimo hivo lapita lita 550, ni kama mitungi 28 ya lita 20, na kila lita ni kilo moja, sasa ongeza vioo, mchanga, mawe na stendi, ushapita kilo 700, na zote hizo zimesimama pahali pasipofika hata mita moja ya mraba. Nyumba za kale za huko kuta zake sina wasiwasi nazo, mawe ya matumbawe na chokaa yameshika miaka na miaka. Shida ni sakafu. Ghorofa imelazwa juu ya boriti za mikoko kisha mawe na chokaa juu yake, na boriti ya enzi za babu huwezi jua ndani ikoje, mchwa wamekula wapi, maji yamevuja wapi. Utaniambia mbona siku ya harusi watu walijaa ukumbi mzima na hakuna kilichotokea, lakini watu hutawanyika ukumbini na jioni huenda zao, tangi liko palepale usiku na mchana mwaka mzima. Liweke chini. Kama chini kuna mpangaji basi punguza, tangi la futi mbili na nusu pembeni ya ukuta, na hilo pia muite kwanza fundi anayezijua nyumba za boriti aje aangalie.

Fundi wa vioo muulize unene. Kwa kimo cha futi mbili mimi sikubali chini ya milimita 12, akikwambia sita yatosha tafuta mwengine. Silikoni iwe ile ya kawaida inayonuka siki, isiwe ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, hiyo yaua samaki. Likikauka wiki nzima lijaze uani siku kadhaa ulitazame, kama la kuvuja livujie huko.

Stendi ya chuma ni nzuri lakini hewa yetu ya bahari waijua, chuma kisichopakwa rangi vizuri hata kwa ndani mwaka haupiti kishaanza kutoa kutu. Mbao za vumbi lililogandishwa usithubutu, zikinywa maji zavimba alafu zamomonyoka. Fundi atie pima maji pande zote, na chini ya tangi utandike foomu nyembamba. Dirishani sitaki, jua likipiga pale utafuga ukungu wa kijani badala ya samaki na maji yatachemka bure.

Sasa samaki wako. Wallahi hao watatu hawakai nyumba moja. Oscar akikua afika sentimita 30, neon hafiki hata nne, yaani utakuwa umemnunulia chakula cha bei ghali. Goldfish naye si wa maji ya joto, na hapa kwetu kaskazi ikishika, Januari mpaka Machi, maji ya tangi yafika digrii 30 bila hita (hita usinunue kabisa, pesa hiyo tia kwenye filta), na maji yakiwa moto hewa ndani hupungua, goldfish atabaki juu akihema. Neon kwao ni mito ya Amazon, maji laini yasiyo na chokaa.

Mimi ningekuwa wewe ningetia mbuna wa Ziwa Malawi. Wana rangi za buluu na manjano, wapenda maji magumu yenye chokaa, pH (kipimo cha ukali wa maji, saba ni katikati, chini yake ni asidi) kuanzia 7.8 hivi kwenda juu, na hapo ndo mchanga na mawe ya matumbawe yafaa kwa sababu yapandisha pH yenyewe, wakati kwa neon yangekuwa balaa. Lakini usiende kuyaokota kwenye hifadhi ya bahari, ni marufuku. Nunua kwa wauza mawe ya kujengea, uyasugue na kuyaosha mpaka maji yatoke meupe. Wajengee mapango mengi maana ni wagomvi.

Na usitie samaki siku ya kwanza! Hapa ndo wengi huua samaki kisha wakasingizia duka. Uchafu wa samaki hutoa amonia, bakteria huigeuza nitriti, wengine huigeuza nitrati ambayo haina makali sana, na bakteria hao wachukua wiki nne mpaka sita kuzaana kwenye filta. Washa kila kitu, kila siku dondosha chakula kidogo kioze, pima, mpaka amonia na nitriti zisomeke sifuri. Ukipata kipande cha sponji chafu kutoka filta ya rafiki utafupisha safari. Maji ya mfereji, yawe ya chemchemi ya Mzima au ya visima vya Baricho, hutiwa klorini, kwa hivo yaweke kwenye pipa na pampu ya hewa siku moja au mbili, ama utie dawa ya kuiondoa. Alafu kila wiki robo ya maji yabadilishwe, hiyo ni mitungi saba, jipange na yule wa mkokoteni mapema.

SWALI: Nina kisima nyumbani na maji ni ya chumvi kidogo. Yafaa kwa samaki?
Dada wa Bamburi

JIBU: Dadangu, inategemea hiyo kidogo ni kiasi gani. Ukionja yakisikika chumvi sawasawa, molly peke yake ndo atakushukuru, huyo huvumilia hata maji ya mkondo ambapo mto wakutana na bahari. Guppy nao wanajitahidi. Wengine wataka uchanganye na maji matamu. Mvua ya masika kinga, lakini ile ya mwanzo iache ioshe mabati kwanza, na usitumie maji ya mvua matupu kwa sababu hayana madini na pH yake huyumba.

SWALI: Stima ilipotea usiku kucha, asubuhi samaki wote wakubwa wamekufa, wadogo wazima. Kwa nini?
Msomaji, Likoni

JIBU: Pole bwana. Wakubwa wahitaji hewa zaidi, na usiku mimea nayo yavuta hewa ileile. Nunua pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha stima ikikatika. Kama huna, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, rudia rudia, na usiwape chakula mpaka stima irudi. Filta ya ndoo iliyofungwa ikikaa masaa mengi bila maji kuzunguka, bakteria ndani hufa na kuoza, kwa hivo stima ikirudi usiiwashe moja kwa moja. Ifungue, mwaga yale maji yanayonuka, suuza sponji kwa maji ya tangi si ya mfereji, kisha iwashe na wiki hiyo upime amonia kila siku.