Mbegu za mwarobaini hazikuota: nipande nini kwenye maweni?

SWALI: Assalamu alaykum. Bibi yangu ni mganga wa miti shamba hapa Micheweni, Pemba. Zamani mti wa dawa uitwao mjafari aliukuta nyuma ya nyumba, siku hizi anatembea nusu siku kutafuta mizizi yake. Nataka kumpandia miti kwenye robo eka yetu ya maweni. Nilianza na mwarobaini. Nilihifadhi mbegu kwenye chupa miezi minne nikingoja masika, nikasia mia moja, haikuota hata moja. Nimekosea wapi?

JIBU: Waalaykum salaam. Mbegu zako zilifia chupani. Mbegu ya mwarobaini si kama ya mahindi, haiwekwi akiba. Uhai wake huisha ndani ya wiki chache, na chupa iliyozibwa huivundisha mapema zaidi. Okota matunda yaliyogeuka manjano, minya nyama itoke, osha, anika kivulini siku mbili tatu, kisha sia kwenye viriba (vifuko vya kukuzia miche) kabla ya wiki mbili kupita. Ukitaka kuhakikisha, pasua chache: kiini cha kijani ni kizima, cha kahawia kimekufa. Kinachongoja masika kiwe mche, si mbegu.

Hata hivyo, miarobaini miwili inakutosha. Ni mti wa kuja, matunda yake huliwa na ndege na popo, nao huzisambaza mbegu hadi vichakani, na baada ya muda miti ya asili hukosa nafasi. Usiupande pembezoni mwa msitu.

Nguvu zako zipeleke kwenye mjafari, kwa sababu huo ndio unaomtembeza bibi. Mbegu yake nyeusi inayong'aa ina mafuta na ni mkaidi kuota, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Mvua zikishika, nenda na bibi chini ya mti mama, mtafute miche iliyojiotea yenyewe, yenye urefu wa shubiri moja. Ing'oe pamoja na bonge la udongo, jioni au siku ya mawingu, itie kwenye kiriba chenye udongo wa palepale uliochanganywa na mboji, uilee kivulini. Chukua michache, mingine iache irithi mahali pake. Mjafari una dume na jike kama mpapai, basi panda isiyopungua sita ili upate mbegu baadaye. Mzunze (wengine huuita mlonge) ni rahisi: mbegu huota ndani ya wiki mbili, na kipande cha tawi nacho hushika.

Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Kwa nafasi ya mita nne kwa nne ingeingia miti sitini hivi, lakini kwenye maweni kamba haina kazi. Fuata vishimo vya udongo vilivyo katikati ya mawe. Piga mtaimbo uvipanue, jaza mboji, panda mvua za kwanza za masika, kisha funika shina kwa majani makavu na mawe madogo ili unyevu usitoroke. Na mbuzi wazuie tangu siku ya kwanza. Nimeona miche ya mwaka mzima ikiliwa asubuhi moja, na inauma sana.

Sasa uvunaji, maana hapa ndipo miti mingi ya dawa inapofia. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia ndani ya gome. Ukivua gome kuzunguka shina lote, mizizi hufa kwa njaa na mti haurudi tena. Mtazame mkulima hodari wa mdalasini: hukata fimbo, akavua gome la fimbo hiyo, kisiki kikachipua upya. Kwenye mjafari kata tawi, vua gome la tawi. Ikiwa lazima gome la shina, toa ukanda mwembamba wa wima, upande mmoja tu, usirudie mpaka kidonda kifunge. Mizizi ichimbwe upande mmoja, mbali na shina, mzizi mkuu usiguswe, na shimo lifukiwe siku ileile.

Muulize bibi pia ni dawa zipi anazoweza kutumia jani badala ya mzizi. Hilo analijua yeye kuliko mimi, na jibu lake ndilo litakaloamua upande mijafari mingapi.