Databezi usiihamishe peke yake!

Yakhe, usisaini kitu. Umeandika kwamba mshauri wenu kapanga databezi (hazina ya kumbukumbu) ya mauzo na stoo iende kwenye wingu, yaani kompyuta ya kukodi inayofikiwa kwa intaneti, Ijumaa hii, kwenye seva iliyoko Ulaya, na programu zibaki kwenye kompyuta za kaunta za maduka yenu Darajani na Chake Chake, "zitafuata baadaye". Hiyo "baadaye" ndiyo itakayokumalizeni.

Programu za mauzo za kizamani, hizi zinazopachikwa kwenye kila kompyuta, ziliandikwa na mtu aliyejua seva ipo chumba cha pili. Kufungua ankara moja tu, inaiuliza databezi maswali mia kadhaa: bei, kodi, salio la stoo, deni la mteja, halafu bei tena. Na la pili haliulizwi mpaka la kwanza lijibiwe. Kwenye waya wa ndani jibu linarudi chini ya milisekunde moja (sekunde igawe mara elfu), kwa hiyo hata maswali 400 hayamalizi nusu sekunde. Kwenda Ulaya na kurudi, tuseme ni milisekunde 150. Zidisha kwa 400. Sekunde 60! Mteja kashika pesa mkononi, karani anakodolea kiduara kinachozunguka, na nyuma yake foleni ya Ramadhani.

Hapo mshauri huyo atakuja na dawa yake: "Ongezeni kifurushi cha intaneti." Wallahi watu hawa! Utoke megabiti 10 uende 100, milisekunde zile 150 zipo pale pale, kwa sababu swali ni dogo na tatizo ni masafa. Barabara ya Makunduchi ipanue iwe njia nane, Makunduchi haisogei mjini. Kama halijui hili, asijiite mshauri. Kama analijua, basi inayosema ni kamisheni.

Pima mwenyewe. Kaa kwenye kompyuta ya kaunta, piga ping (amri inayopima ujumbe unachukua muda gani kwenda na kurudi) kwenye seva ya majaribio asubuhi, kisha tena saa mbili usiku, uandike wastani na jumbe ngapi zilizopotea. (Seva nyingine zimefungiwa ping, waambie waifungue.) Kama databezi ni SQL Server ya Microsoft, washa Profiler, kifaa chake kinachoonyesha kila swali linalopita, fungua ankara moja, hesabu maswali yaliyopita. Zidisha wastani wa ping kwa idadi ya maswali. Ikizidi sekunde tatu, mpango huo utupe.

Programu na databezi zikae pamoja, basi. Ama zote mbili ziende kwenye wingu na kaunta ziingie kwa rimoti desktopu (kuiendesha kompyuta iliyoko mbali), ambapo kinachosafiri ni picha ya skrini na vibonyezo tu. Mkono utahisi uzito kidogo, lakini ankara itafunguka upesi. Ama zote zibaki dukani na wingu lipokee bakapu (nakala ya akiba) ya kila usiku. Msinirukie, mie si adui wa wingu, na seva iliyowekwa chini ya ngazi inakula chumvi ya bahari sina mapenzi nayo.

Rimoti desktopu nayo ina vijimambo vyake. Printa ya risiti ijaribiwe kwanza, maana programu inayoiendesha printa (dereva) ikikosea, risiti inatoka imekatika na droo ya pesa haifunguki. Leseni za watumiaji nazo huwa hazimo kwenye bei ya kwanza unayopewa, kwa hiyo zidai ziandikwe kabla ya kuuliza gharama ya mwezi.

Kama databezi yenyewe ni faili la Access (databezi ndogo ya Microsoft) kwenye folda ya pamoja, usiliguse kabisa. SQL Server laini ikikatika katikati ya kuandika, hufuta kile kilichoandikwa nusu. Access huweza kuharibu faili zima. Na laini hukatika: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kwa pamoja, intaneti ikayumba Tanzania nzima.

Chake Chake wapime kivyao, kwenye laini yao. Namba za Darajani haziwahusu.